Kuhe, Mawese na Makaa: Kupika Chakula cha Heshima Kambini Kigoma

Kuna jambo linaniuma kila nikiona watu wamepiga hema kwenye fukwe zetu za Kigoma. Wamefika kwenye ziwa lenye samaki watamu kuliko wote ninaowajua, wamewasha moto mzuri, halafu kinachotoka kwenye mfuko ni tambi za pakiti, mkate wa juzi na samaki wa kopo. Samaki wa kopo, hatua chache kutoka Ziwa Tanganyika! Ukiwauliza, wanakwambia kambini ni pa kuvumilia, chakula kizuri watakula wakirudi mjini. Mimi naona mtu aliyeacha kitanda chake akakubali kulala chini ndiye anayestahili kula vizuri zaidi, na moto wa kuni unaweza kumpa chakula ambacho jiko la gesi la hoteli haliwezi kukitoa.

Nasema hivyo kwa sababu majiko yote mawili nimeyasimamia. Nimezaliwa Ujiji, nikaenda kupika hotelini Dar es Salaam, mahali ambapo ukingo wa sahani ulifutwa kwa kitambaa safi kabla haijatoka kwa mgeni, kisha nikarudi nyumbani. Kule nilijifunza mambo ya maana sana: kuonja kila hatua, kukausha ngozi ya samaki kabla ya kumchoma, kupanga muda ili vitu vyote viive pamoja. Lakini ile ladha ya moshi inayopenya hadi kwenye mfupa, tuliihangaikia kwa vifaa vya bei kubwa na bado haikufika pale bibi yangu alipokuwa akiifikisha kwa mafiga yake matatu uani.

Na wavuvi wa hapa nao wanalijua hilo. Wanaolala kambi kando ya ziwa kwa wiki nzima hawajaacha kula vizuri. Mpite mmoja wao jioni, mkaribie moto wake kwa adabu, utaona samaki aitwaye mgebuka amechomekwa kwenye mti, ngozi imekakamaa, mafuta yanadondoka polepole. Hao ndio walimu wangu wa pili.

Samaki ndiye anayeamua

Menyu ya kambi yetu huamuliwa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhushia samaki. Tunapita Katonga asubuhi, mitumbwi ikiwa imeshafika, na hatutoki nyumbani na wazo gumu kichwani. Nyumbani tunachukua maharage, mawese, unga, chumvi, vitunguu na viungo. Kitoweo tunakikuta huko.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Za Ujiji?"

"Nzuri mzee. Tunalala ufukweni na watoto leo. Natafuta kuhe wa kuchoma."

"Wa kuchoma chukua huyu wa wastani. Yule mkubwa utamuunguza nje, ndani atabaki mbichi. Yule ni wa kukata vipande, umtie mchuzini."

Ushauri huo ni wa mpishi kamili. Kuhe ni jamaa wa perege, na katika jamii hiyo yote duniani ni miongoni mwa wakubwa kabisa. Anaweza kupita nusu mita. Ni mwenyeji wa ziwa hili. Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, haina fujo ya miiba, na haivunjiki ovyo juu ya wavu wa waya. Kwa moto wa makaa sijaona samaki anayemzidi. Mgebuka ni mwingine kabisa: mwembamba, mrefu, anang'aa, nyama yake ina mafuta na inapenda moshi. Anahusiana na sangara wa Ziwa Victoria, ila kwa ladha mimi simlinganishi naye. Sangala tunaye pia, mnene, mzuri kwa supu.

Kumkagua samaki ni kule kule: jicho liwe limetuna na linang'aa, mashavu ndani yawe mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Akishapita hapo, mwambie kijana pale mwaloni ampae magamba na kumtoa matumbo papo hapo. Akishasafishwa, mlaze kwenye barafu ya kutosha, umfunike kwa majani mabichi ya mgomba kivulini, asiguse jua mpaka jioni.

Dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta wadudu wadogo wa majini, dagaa huwafuata, na mgebuka huwafuata dagaa. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa mwezi unazishinda taa zao. Kwa hiyo ukitaka kambi yenye dagaa wabichi asubuhi, nenda siku za giza. Utapata na zawadi nyingine: ziwa lote mbele yako limejaa taa, utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Kuna na miezi ya kusubiri. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa ziwa ulisimamishwa kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Najua kilikuwa kipindi kigumu kwa familia zinazoishi kwa nyavu, na siwezi kulisema hilo kwa wepesi. Hata hivyo niliunga mkono, na bado naunga mkono. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani, lakini hewa ya oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu. Kule chini sana hakuna samaki. Tunachokula chote kinatoka kwenye ngozi ya juu ya maji. Ukivua bila kupumzika, hakuna akiba iliyojificha huko kilindini. Miezi kama hiyo, kambini tunapika kuku wa kienyeji, na maharage yanapanda cheo.

Moto wenyewe

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu atulie, kwa sababu chakula cha kambini hupatikana au kupotea kabla sufuria haijagusa moto.

Moto huwashwa mapema. Mtu mwenye njaa hutamani kuona ndimi za moto zikilamba nyama, lakini ndimi hazitulii: upande huu unaungua, ule haujapata joto, na masizi yanaganda kwenye ngozi ya samaki. Cha kupikia ni makaa. Kuni ngumu zilizokauka vizuri huhitaji saa nzima au zaidi mpaka zigeuke makaa yaliyovaa jivu jeupe. Saa hiyo ndiyo ya kumenya vitunguu, kuosha mboga, kupiga hema na kuwachomea watoto muhogo watulie.

Huwa nawasha moto sehemu mbili. Ule mkubwa unakaa kando, kazi yake ni kuzalisha makaa tu. Wa pili ni sehemu ya kupikia, ambako nayahamishia makaa kwa koleo na kuyapanga: upande mmoja mengi, upande wa pili machache, na kona moja naiacha tupu. Ukiwa na sehemu hizo tatu, una jiko kamili. Samaki akianza kuungua unamsogeza. Mchuzi ukikauka unauweka konani upate uvuguvugu. Ukitaka kukausha ngozi unamrudisha penye makaa mengi.

Joto nalipima kwa kiganja, nimekishika juu ya makaa pale pale samaki atakapolala. Nikihesabu moja, mbili, tatu, mkono ukakataa, hapo ni pa kukausha ngozi. Nikifika sita, hapo ni pa kuivisha taratibu. Kila mtu ana ngozi yake, kwa hiyo ujizoeze kwa mkono wako mwenyewe na usiazime wa jirani.

Mawe ya mafiga yasiokotwe majini. Jiwe lililokaa ziwani au mtoni huweza kuwa limenywa maji ndani ya nyufa zake, na likipata moto, maji yale hugeuka mvuke yakakosa pa kutokea. Jiwe hupasuka kwa kishindo na vipande huruka. Okota mawe makavu, juu kabisa ya ufukwe au mlimani. Kuni za mnyaa usizisogeze kabisa: utomvu wake huumiza macho, na moshi wake pia. Mbao zilizopakwa rangi ziache hukohuko.

Halafu kuna upepo. Mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, kwa sababu ardhi hupoa upesi kuliko maji. Mara nyingi ugeukaji huo hutokea jioni, wakati samaki yuko motoni. Basi mkeka wa kulia utandikwe upande wa mlima, na hema liwe mbali kabisa na moto, pembeni, wala lisikae mbele wala nyuma ya upepo. Usiku moshi utakwenda zake majini na ninyi mtakula bila kutoka machozi.

Kuhusu kuni, milima iliyouzunguka mji imekatwa vya kutosha. Mimi hununua mkaa kidogo mjini na kuongeza matawi yaliyoanguka yenyewe. Na kuna nishati nyingine ambayo mkoa wetu umejaliwa: maganda magumu ya kokwa za chikichi. Michikichi yetu ya asili, ile aina ya dura, ina ganda nene sana. Mbegu za tenera ambazo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha hapa Kigoma zina ganda jembamba na mafuta mengi zaidi, jambo jema kwa mkulima, lakini kwa moto ganda la dura ndilo langu. Ukitupia kiganja kimoja kwenye makaa, joto linapanda mara moja na kudumu.

Kuhe wa makaa

Sasa tumfikie mwenyewe.

Mchanje kila upande mara tatu, uchanje wa kina kidogo, usifike mfupani. Mpake chumvi ndani na nje. Chumvi yangu ni ya Uvinza, na siitumii kwa mazoea tu. Pale Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Misafara ya zamani iliibeba, watu wa bara waliifuata kutoka mbali. Samaki wa Tanganyika na chumvi ya Uvinza wamekutana kwenye vyungu vya watu kwa karne nyingi kabla ya mpishi yeyote wa hoteli, na ukiwakutanisha tena juu ya makaa unaelewa kwa nini.

Baada ya chumvi, mtundike samaki kivulini penye upepo kwa nusu saa hivi, kisha mfute kwa kitambaa safi. Hatua hii wengi huiruka. Chumvi imevuta maji juu ya ngozi, na maji hayo lazima yaondoke. Rangi ya kahawia na ile harufu inayowaamsha majirani huanza kupatikana uso wa nyama ukipita nyuzi joto 140 hivi. Maji hayawezi kufika huko. Hapa kwetu, ambapo ziwa liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na ngozi iliyolowa itabaki kwenye joto hilo mpaka maji yote yakauke. Utakuwa unamchemsha samaki huku unadhani unamchoma, na mwisho atanata kwenye waya.

Waya nao uwe wa moto kabla samaki hajalala juu yake, na uwe umepakwa mafuta kwa kitunguu kilichokatwa nusu na kuchomekwa kwenye uma. Mlaze upande wa makaa mengi, kichwa kikiwa kwenye joto kubwa zaidi, mkia ukielekea kwenye joto dogo, kwa kuwa mkia huiva upesi. Kisha mwache. Usimguse, usimgeuzegeuze. Ngozi ikishakakamaa itauachia waya yenyewe. Ikishikilia, bado haijawa tayari. Mgeuze mara moja tu, umsogeze penye makaa machache, na umfunike kwa jani la mgomba ulilolipitisha motoni likalegea. Chini ya jani hilo mvuke na moshi vinafanya kazi pamoja. Ataiva pale nyama iliyo karibu na uti wa mgongo inapoachia mfupa kwa ncha ya kisu.

Wakati huo mchuzi wa kumwagia uko tayari konani. Nyanya, kitunguu na kitunguu saumu navichoma nikiwa nimevifukia kwenye jivu la moto, na maganda yake, mpaka nje iwe nyeusi na ndani iwe laini kabisa. Namenya, natwanga kwenye kinu kidogo pamoja na tangawizi na pilipili mbuzi moja. Kisha mawese.

Kwa mawese mkono uwe mwepesi. Wekundu wake unatokana na karotini, ile ile iliyomo kwenye karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na wekundu huo haustahimili moto mkali. Ukiyaunguza mpaka yapauke, umetupa rangi, harufu na sehemu ya faida yake. Kuna wapishi wanaoyapausha kwa makusudi ili yasionje kama mawese. Sikubaliani nao hata kidogo. Kama hutaki ladha ya mawese, tumia mafuta mengine. Mimi nayapasha tu, natia rojo la nyanya, na halafu kijiko cha unga wa dagaa.

Unga huo ndio siri yangu kubwa, nami naitoa bure. Chukua dagaa wakavu, toa vichwa, wakaange bila mafuta kwenye sufuria mpaka wakatike kwa kidole, watwange wawe unga laini, uweke kwenye chupa. Kijiko kimoja kwenye mchuzi wowote kinaleta kina cha ladha ambacho vile vidonge vya viungo vya dukani vinajaribu kukiiga. Ndimu inaingia mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshatoka motoni.

Maharage ya usiku na vingine

Maharage ya milimani kwetu, Kasulu na Buhigwe, ni chakula cha hadhi, na moto wa kambi unayapika vizuri kuliko jiko lolote la mjini. Ninayaloweka tangu asubuhi. Jioni nayachemsha kwa moto mkali kwa nusu saa nzima, na hapa sitaki mtu afanye mzaha: maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na kuchemka kwa nguvu. Ukiyaweka kwenye joto la chini moja kwa moja, yanaweza kulainika na bado yakaumiza tumbo vibaya. Yakishachemka hivyo, natia kitunguu, chumvi kidogo na jani la mchaichai, nafunika sufuria nzito kwa mfuniko unaobana.

Shimo nimelichimba mapema, mbali na maji, na moto umewaka ndani yake mpaka kuta zimeshika joto. Nafagia makaa pembeni, nateremsha sufuria, nazungushia makaa, naweka bati juu, kisha udongo. Tunakwenda kulala. Alfajiri maharage yametulia kwenye mchuzi mzito, hakuna hata moja lililopasuka, na moja likiguswa kwa ulimi linayeyuka. Hapo ndipo naongeza mawese.

Sombe tunakuja nayo imeshatwangwa na kuchemshwa nyumbani bila mfuniko, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha, na kambini si mahali pa kuharakisha kazi hiyo. Ufukweni inabaki kuungwa tu kwa karanga. Ugali ni wa muhogo. Mama mdogo ndiye anayeusonga, na hakuna anayethubutu kumpokea mwiko.

Kitindamlo ni ndizi mbivu, zile zilizoanza kuwa na madoa meusi, zikiwa na maganda yake kwenye jivu la moto. Ganda likishapasuka na kutoa povu, lipasue kwa urefu, mwagia asali ya Tabora ile nyeusi ya miyombo, na chembe mbili tatu za chumvi ya Uvinza juu. Nimewahi kula vitindamlo vilivyochukua siku mbili kutengenezwa. Hiki nakipenda zaidi.

Mkeka

Chakula cha heshima kinahitaji kuandaliwa kwa heshima, hata pasipo na meza. Tunabeba mkeka mzuri, ule wa wageni, wala hatubebi turubai. Birika la maji ya kunawa linapita kwa wakubwa kwanza, na mtoto anayelishika anaanza kwa bibi. Sahani zetu ni majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, juu ya sinia. Kuhe analala mzima katikati, mchuzi mwekundu umemiminwa ubavuni tu ili ngozi isilowe, kachumbari pembeni, ugali umegawanywa. Kichwa ni cha mkubwa wa msafara.

Chakula hakitoki chote kwa mkupuo. Wa kwanza kutoka ni muhogo na mchuzi, watu wakiwa bado wanasimuliana. Kisha kuhe akiwa bado anachemka mafuta. Ndizi zinasubiri mpaka watu wapumue. Utaratibu huo niliuleta kutoka hotelini, na shemeji zangu mwanzoni waliuona wa ajabu. Sasa wao ndio wanaowazuia watoto wasidai ndizi mapema.

Mabaki yasilale nje. Nyani wakishaonja chakula chenu, kambi itakayofuata itapata taabu. Na kama safari yenu inapita Gombe au Mahale, fuateni maelekezo ya wahifadhi neno kwa neno, kwa kuwa sokwe mtu huambukizwa mafua na magonjwa yetu mengine, na ganda la ndizi mlilolitafuna linaweza kumfikishia. Maji ya kunywa ya ziwani yachemsheni, hata yakionekana maangavu kiasi gani, na kabla ya kuoga waulizeni wenyeji kuhusu mamba, viboko na kichocho sehemu hiyo.

Ukiacha shimo la maharage, moto huzimwa kwa maji. Watu wengi hufukia makaa kwa mchanga wakaondoka, na mchanga huo hutunza joto kwa saa nyingi bila kuonyesha moshi wala wekundu. Asubuhi mtoto anapita pekupeku juu yake na nyayo zinababuka. Mwaga maji, koroga kwa kijiti, mwaga tena, kisha gusa kwa nyuma ya mkono. Pakiwa pa baridi, ndipo ulale.

Asubuhi

Mitumbwi ikirudi alfajiri, kijana mmoja hutumwa mwaloni na kikapu. Dagaa wabichi hawataki ufundi: waoshe, wapake chumvi na unga kidogo, watumbukize kwenye mafuta ya moto, watoe kabla hawajawa wagumu, kamulia ndimu. Unakula mzima, kichwa hadi mkia, na maharage ya shimoni pembeni. Kahawa ni ya Kalinzi, imekaangwa na kutwangwa nyumbani, imechemshwa kwenye birika jeusi kwa masizi. Naipenda bila sukari, lakini mama mdogo hutia na tangawizi, na kwake sibishani.

Wakati wengine wanaoga, mimi na shemeji tunasimamisha uchanja wa miti mibichi juu ya makaa yaliyobaki, tunapanga migebuka iliyopasuliwa mgongoni na kutiwa chumvi, na kuifunika kwa majani mabichi ili moshi uwe mwingi na moto uwe mdogo. Mpaka saa saba mchana inakuwa na rangi ya dhahabu iliyoiva. Miwili inakwenda kwa bibi Ujiji, mmoja kwa jirani wa Mwanga aliyetuazima sufuria nzito, inayobaki ni ya supu ya nyumbani katikati ya wiki. Safari ijayo koleo atashika shemeji, na kuhe atamchagua yeye mwenyewe pale Katonga. Nimeshamwambia amsikilize yule mzee.